Chai Upande Huu, Vitumbua Upande Ule

Kila mwaka masika yakikatika, redio huanza kuzungumzia bajeti na kodi za makampuni. Wanangu hutaka kubadilisha stesheni. Mie huwaambia waiache, maana nikisikia neno "kampuni" pua yangu hunusa iliki.

Enzi za Mwingereza tulikaa Kinondoni, mie na bibi yangu mzaa mama. Mvua zikiacha, kiwanja cha jirani kilifyekwa nyasi, na kila Jumapili makarani wa Kihindi walitoka mjini kuja kucheza krikiti kutwa nzima. Bibi alikuwa mdadisi wa kila kitu. "Hivi yule aliyesimama peke yake kule mbali, anamngoja nani?" Hakuna aliyemjibu akaridhika. Alichoelewa upesi ni kwamba watu wale lazima waone njaa.

Mwenye duka wa mtaani kwetu alikuwa Mwarabu, na mkewe alikuwa shoga yake bibi. Yule shoga akatoa mchele, majani na sukari; bibi akatoa nazi, kuni na mikono yake. Mmoja akapika chai, mwingine vitumbua vya iliki, faida nusu kwa nusu. Mie nilikuna nazi na kuosha vikombe.

Jumapili moja akaja karani wa leseni kutoka bomani. Bibi akamkaribisha kitumbua cha moto.

"Mama, biashara hii ya nani?"

"Yetu sote wawili, mwanangu."

"Basi ninyi ni kampuni. Kampuni lazima ilipie."

Bibi akaacha kugeuza vitumbua. "Ehe! Na kodi ya kichwa italipaje, nayo haina kichwa?"

Karani alicheka mpaka akapaliwa, lakini hakusamehe. Akasema atarudi.

Shoga yake bibi akaingiwa na hofu. "Faida yote itaishia bomani. Bora tutengane, mwenzangu. Mtu na sinia lake hawamsumbui."

Basi Jumapili iliyofuata birika likakaa upande huu wa kiwanja, kikaango upande ule. Karani akapita, hakuiona kampuni, akaenda zake. Lakini nani anywe chai kavu? Na nani akatize kiwanja mipira ikiruka? Chai ikapoa, vitumbua vikalala. Kila mmoja akadhani mwenzake anamnyang'anya wateja. Salamu zikawa za mbali, na bibi akaacha kunituma dukani.

Haikuendelea hivyo muda mrefu. Asubuhi moja mchezo ukiwa umepamba moto, bibi alijitwika kikaango, akapita katikati ya wachezaji huku wakimpigia kelele, akakitua kando ya birika.

"Shoga, twende bomani. Nataka kuijua hiyo kampuni inafananaje."

Mwenzake akacheka huku analia.

Walilipa. Faida iliyobaki mwaka ule ilitosha doti moja tu ya khanga, wakaikata, kila mmoja kipande chake.

Leo kiwanja kimejaa nyumba, na wapitao hapo hawajui kama paliwahi kuchezwa mchezo. Kipande cha bibi nilikirithi, nikakichakaza mwenyewe kwa kubebea watoto. Shoga yake alihamia Unguja kwa wanawe, na mpaka leo najiuliza kipande chake kilimbeba nani.