Kushoto kwa Mzee Kamba

Kituoni walimwita Mzee Kamba, na jina hilo hakulichukia. Miaka ishirini na tisa alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na miaka yote hiyo kazi yake hasa ilikuwa moja: kusimama mbele ya ng'ombe, kamba mkononi, akimtazama mnyama usoni huku daktari akihangaika huko nyuma. Madaktari sita walikuja wakaondoka. Wengine walimwachia salamu, mmoja alimwachia koti lililotoboka mfuko. Wa saba alikuwa binti mwembamba, mwendo wa haraka, mdomo usiochoka kuuliza, na huyu Mzee Kamba alimpenda kama mtoto wa kumzaa. Kumwambia hakumwambia. Alimchemshia chai kila asubuhi na kumgombeza akiiacha ipoe, basi.

Kulikuwa na tuzo ya utafiti kwa madaktari wa mifugo chipukizi. Sharti lake kubwa: uwe hujatimiza miaka mitano tangu uhitimu. Mshindi hupewa miaka miwili ya kufanya utafiti katika maabara ya maana, si kile chumba chao chenye jokofu linalonguruma kama trekta. Daktari alikuwa amebakiza miezi minne tu. Ilikuwa mwaka huu au basi tena.

Utafiti wake ulihusu ugonjwa wa kiwele. Alichukua maziwa ya ng'ombe arobaini na mmoja, kila chuchu na kichupa chake, kisha baada ya mwezi ng'ombe wale wale wakapimwa tena. Duru ya kwanza alichukua mwenyewe. Ya pili ilipofika, wakubwa walimtuma kuchanja mbwa wilaya nzima, wiki mbili. Kazi akamwachia Mzee Kamba. Wakamuaji walikinga maziwa, Mzee akaandika vibandiko, na kwa mwandiko wake mzuri hata mwalimu angempigia makofi.

Majibu yalipotoka, Daktari aliruka. Ng'ombe kumi na mmoja waliokuwa wagonjwa chuchu za kushoto sasa walikuwa wagonjwa kulia, na kushoto kumekauka ugonjwa kabisa. Ugonjwa umehama upande! Alirudia vipimo mara mbili, majibu yakawa yale yale. Akamuuliza Mzee Kamba, "Mzee wangu, vibandiko uliandika sawasawa?" Naye akajibu, kwa moyo mweupe, "Sawasawa kabisa, Daktari." Utafiti ukapelekwa, na barua ikaja kwamba ameingia katika watano wa mwisho.

Jumanne ya wiki ya mashindano, Daktari alifanya mazoezi ofisini. Hadhira ilikuwa Mzee Kamba peke yake, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ubaoni Daktari alikuwa amechora ng'ombe anayeonekana kwa nyuma, mkia na kiwele. Akagusa chuchu moja kwa fimbo. "Hii hapa ni ya kushoto," akasema.

Mzee Kamba alitazama fimbo. Akatazama mkono wake mwenyewe wa kushoto. Yeye kushoto kwake kulikuwa upande ule mwingine, kwa sababu yeye ng'ombe alimjua kwa mbele. Hata siku zile za vibandiko alisimama palepale alipozoea, kamba mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akachungulia chini ya tumbo na kuandika alichokiona. Ugonjwa haukuhama hata hatua moja. Aliyehama ni mwandishi.

"Vipi, Mzee? Inaeleweka?"

"Inaeleweka," akasema, na chai yake mwenyewe ikapoa.

Nyumbani mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alimuuliza ana nini. Akamweleza. Akaongeza kwamba hakuna mwingine anayejua, na kwamba binti wa watu hana mwaka mwingine wa kujaribu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe akasema. "Si wewe unayewaambia wafugaji hivyo kila siku?"

"Wafugaji nawaambia kuhusu ng'ombe."

"Na wewe ni nani, mfalme?"

Jumatano asubuhi alimkuta Daktari akipiga pasi koti lake juu ya meza ya ofisi. Alimweleza yote amesimama, kofia mkononi, macho sakafuni. Alipomaliza, Daktari alichomoa pasi ukutani. Akatoka, akaenda kusimama nyuma ya zizi kwa muda mrefu, na Mzee Kamba aliona afadhali angetukanwa.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Ungenyamaza, nisingejua," akasema.

"Najua, Daktari."

"Ijumaa twende wote kwa majaji. Nitawaambia ukweli."

Ijumaa, ukumbini, Daktari alisimama mbele ya majaji watatu akawaeleza kwamba ugunduzi wake mkubwa haupo. Alionyesha kosa lilivyotokea na namna ya kulisahihisha. Jaji mmoja, mwanamke mwenye miwani puani, akauliza vibandiko viliandikwa na nani.

"Daktari ni mimi. Nilimwachia mtu kazi bila kumwonyesha. Kosa ni langu."

Nyuma ya ukumbi kiti kikalia. "Samahani, waheshimiwa," Mzee Kamba akasema, amesimama. "Niliandika mimi. Miaka ishirini na tisa nashika ng'ombe kichwa, na kushoto nimekuwa nakuona kwa mbele. Huyu binti ni msema kweli. Msimwadhibu kwa macho yangu."

Watu walicheka kidogo, bila ubaya. Jaji wa miwani hakucheka. Aliandika kitu, akamshukuru, akamwomba akae.

Tuzo ilikwenda kwa kijana aliyefanya utafiti wa mapafu ya mbuzi, na aliistahili. Daktari alipiga makofi mpaka mwisho, akampa mkono, akatabasamu kila alipotakiwa kutabasamu. Kwenye ngazi za nje ndipo alipokaa chini, akiwa na koti lake lililopigwa pasi.

"Nisamehe, mwanangu," Mzee Kamba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Ningeshinda leo, ningeishi nikiogopa mtu atakayerudia kazi yangu," Daktari akasema. "Siogopi mtu sasa. Lakini imeniuma, Mzee. Imeniuma sana." Na hapo kilio kikamshinda.

Mzee Kamba alikaa kando yake, akaweka mikono yake miwili mikubwa mabegani mwake, akamshika kama alivyozoea kumshika mnyama aliyeumia, imara na bila haraka. Watu walipita wakiwatazama. Hakumwachia mpaka alipotulia.