Mama Atalala Wapi?

Kuna siku moja ambayo siisahau, mwanangu Kageha. Mama yangu, huyo unayemwita Guku, alisimama katikati ya sebule yetu kule Parklands, mkoba ukiwa bado begani, kuku aliyefungwa miguu akiwa mkononi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza, "Sasa mimi nitalala wapi?" Nilikuwa na mimba yako, tumbo limeshashuka.

Nimeikumbuka siku hiyo juzi, tulipokaa kwenye ule mkahawa wa mjini baada ya kuambiwa kwamba nimenyimwa viza. Wewe umepata, mume wako amepata, mimi nikabaki na mandazi yangu. Ulitaka kunichangamsha, ukatoa simu ukanionyesha nyumba mliyoipenda huko Kanada.

"Mum, ona hii," ulisema. "Iko na kitchen kubwa, iko na nyasi huko nyuma, na hiyo mtaa imetulia vibaya. Huwezi sikia mtu."

Nikakuuliza jirani zake ni akina nani. Ulicheka mpaka mhudumu akageuka. "Aki Mum! Hiyo si kitu wanaandika kwa mtandao."

Nikainamia mandazi yangu, maana nilijua nikisema neno jingine nitalia mbele za watu. Utajifungua huko, mwanangu, na mimi sitakuwepo. Hilo linaniuma na sina haja ya kulificha. Nilikuwa nimeshanunua sweta nzito kule sokoni Gikomba, nimeshapanga nitakavyokupikia uji. Sasa hiyo kazi itabidi ifanywe na mtu nisiyemjua, katika mtaa nisioujua, na wewe unanionyesha mtaa ambao sifa yake ni kwamba huwezi kusikia mtu. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa mdomo nitagombana nawe tu.

Ulizaliwa Parklands lakini hukujua kwamba mimi na baba yako tulianzia Kangemi. Tulikuwa na chumba kimoja cha mabati, bomba moja la ua mzima, na kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Nilikuwa karani wa kupiga chapa mjini, navaa viatu vya visigino, na kila asubuhi navivua na kuvibeba mpaka nifike lami. Nilipachoka. Niliwachoka hasa watu. Ukikaanga samaki, ua mzima unajua, na watoto wa wenzako wanakuja kukusalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Jirani yangu, Mama Aggrey, alikuwa akiingia bila hodi, anafunua sufuria, anasema chumvi haijakolea. Mungu anisamehe, kuna siku nilijifungia ndani nikajifanya sipo, naye akakaa nje ya mlango akiniongelesha tu.

Kwa hiyo mwajiri wa baba yako, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipotuambia ana fleti ndogo Parklands anayoweza kutupangisha kwa bei ya kuelewana, sikulala kwa furaha. Nilikwenda kuiona mara moja tu. Nikafungua bomba la jikoni, maji yakatoka. Nikafungua la bafu, yakatoka. Nikamwona askari getini, nikaona miti, nikasikia kimya. Tukahama Jumamosi hiyo hiyo, na nilipoagana na Mama Aggrey nilikuwa na haraka kweli.

Sasa turudi kwa Guku na kuku wake. Unajua mila yetu. Mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake wa kiume. Hapeani naye mkono, hakai naye meza moja, sembuse kulala chini ya paa lake. Wako siku hizi wanaosema hayo yamepitwa na wakati, na sitabishana nao. Hata mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba nikifika kwenu Kanada nitajifanya nimesahau. Lakini Guku hakuwa mtu wa kujifanya. Alikuwa ametoka Vihiga kuja kunilea uzazi, na baba yako alikuwa amejibana kwenye korido, uso ukutani, akingojea mama mkwe apite.

Kangemi jambo hili halikuwa na shida hata kidogo. Mama ya mtu akija, analala kwa jirani. Mama yake Mama Aggrey alikuwa amelala kwangu kwa wiki nyingi, anakoroma, nami sikulalamika, kwa sababu kila mtu alijua zamu yake itafika. Nilipokuwa nikifungua yale mabomba kwa furaha, hilo halikunijia akilini.

"Mwite jirani yako tuongee," Guku aliniambia.

Nikamwambia jirani wa mlango wa pili ni mama mmoja wa Kihindi.

"Anaitwa nani?"

Sikujua. Tulikuwa tumekaa pale muda wa kutosha pazia kuchakaa, na sikujua.

Usinielewe vibaya, hawakuwa watu wabaya. Tulisalimiana kwenye ngazi kila siku. Lakini nilikuja kuona jambo moja baadaye, na nataka ulishike. Binti wa huyo mama alipojifungua, ngazi zilijaa wanawake kutoka asubuhi, kila mmoja na sufuria yake, dada, shangazi, wanawake wa hekaluni kwao, mwingine anaosha vyombo, mwingine anamwimbia mtoto. Nilisimama mlangoni nikitazama, nikashikwa na wivu. Ndipo nikatambua kwamba wao hawakuchagua mtaa huo kwa ajili ya mabomba. Walikuwa wamechagua kukaa pale walipo watu wao, na ile fleti niliyoikimbilia nikidhani ni ya kimya, kwao ilikuwa na makelele kama ya Kangemi.

Basi Guku akakataa katakata kulala kwetu. Akaenda Kangemi, kwa nani tena? Kwa Mama Aggrey, ambaye alimpokea kama aliyekuwa akimngoja. Kila asubuhi anakuja na uji, kila jioni anarudi kabla giza halijaingia, na mimi kwa aibu siwezi hata kumsindikiza mpaka barabarani.

Uchungu ulinishika jioni moja, muda mfupi baada ya Guku kuondoka. Baba yako alikuwa bado dukani wanahesabu mali. Simu ya mkononi hatukuwa nayo. Nikagonga mlango wa pili, kimya, walikuwa hekaluni. Nikagonga wa juu, mtoto akanichungulia dirishani akasema mama hayupo. Nikashuka ngazi nimekalia matako, ngazi kwa ngazi, mwanangu, huku nikilia na kumwita Mama Aggrey, yule yule niliyejifungia nisimwone. Askari wa getini ndiye aliyenikimbilia, akasimamisha gari la mtu barabarani, nikapelekwa hospitali na mwanamume ambaye mpaka leo simjui. Nilikuzaa bila mtu wa kunishika mkono. Wauguzi walikuwa wema, lakini walikuwa na wengine wa kuwashughulikia.

Guku alifika asubuhi akakuta mlango umefungwa, baba yako akiwa ameshatufuata hospitali. Askari alimweleza. Alipoingia wodini alikuwa na ile chupa ya uji, na macho mekundu. Alikubeba, akakukagua vidole, akakuita jina la mama yake. Kisha akakaa kando ya kitanda na kunikemea, lakini kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mgonjwa.

"Ulipotafuta nyumba uliangalia maji, ukaangalia geti," alisema. "Hayo ni mazuri. Lakini hukuuliza mimi nitalala wapi. Na mtu asiyeuliza mama yake atalala wapi, hata yeye hajui ataanguka mbele ya nani."

Mama Aggrey alikuja mchana na sufuria. Akafunua, akaonja mbele yangu, akasema leo chumvi imekolea. Nililia tena.

Hatukurudi Kangemi, na sikuambii kwamba shida ndiyo utu. Bomba la ndani ni zuri na nalipenda mpaka leo. Lakini tulipoanza kutafuta kiwanja, sikwenda tena kufungua mabomba tu. Nilikuja hapa Waithaka Jumapili, nikarudi tena siku ya kazi. Niliingia kanisani nikakaa nyuma. Nikanunua sukuma na kumuuliza mama wa genge ni nani amejifungua karibuni, na ni nani alimwosha mtoto. Alinijibu kwa majina, huku akinikatia mboga. Nikamwambia baba yako tumefika. Na ulikuwepo mwenyewe baba yako alipotutoka. Uliona viti vilivyojaa uani kabla sijamwita mtu yeyote.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Usisaini nyumba kwa kuangalia picha. Fikieni kwanza mahali pa muda, hata pakiwa padogo, hata jiko likiwa la kukaa mtu mmoja. Kisha nendeni mkatembee katika huo mtaa kwa miguu. Nenda wakati watu wanatoka kazini, uone kama wanasalimiana au kila mtu anaingia na gari hadi ndani. Uliza kliniki iko wapi na unaweza kuifikia vipi mume wako akiwa kazini. Tafuta kanisa ambalo watu hawatoki mbio ibada ikiisha. Kama kuna watu wa kwetu karibu, vizuri, ingawa najua watakusengenya, na wewe utawasengenya vilevile. Lakini usijifungie kwao peke yao. Mimi sijali jirani yako awe Mkenya, Mhindi au mzungu. Nataka umjue jina.

Na usingoje aje yeye. Mimi nilingoja, na umesikia yaliyonipata. Wiki ya kwanza tu, pika chapati, funga kwenye kitambaa, gonga mlango wa pili. Mwambie unaitwa nani. Mwambie tumbo hilo lina muda gani na mama yako yuko mbali na hakuruhusiwa kuja. Usione aibu. Mwanamke aliyezaa ataelewa, hata kama lugha zenu zitagongana.

Siku uchungu utakapoanza, usinipigie mimi simu. Najua utataka kunipigia, na mimi nitakuwa nimeishika mkononi siku nzima. Lakini nikiwa Waithaka nitakufanyia nini, zaidi ya kulia pamoja nawe? Gonga mlango wa jirani kwanza. Mimi utanipigia mtoto akishalia, ili nimsikie.

Nenda salama, mwanangu. Mungu wa Guku akutangulie katika huo mtaa, akupe mikono ya kukushika mahali ambapo yangu haifiki, na utakapogonga mlango, pawe na mtu ndani.