Sentensi ya Tatu Ndiyo A

Mkwe wangu Sekela aliacha shule akiwa darasa la tano, huko kwao Rungwe, mama yake alipougua na pakakosekana mtu wa kumwogesha. Mimi nilimaliza la saba kwetu Rombo, sikuendelea. Kwa hiyo msomi wa nyumba yetu hapa Mbagala ni mwanangu Praygod, mume wake, aliyefika kidato cha nne, naye hatuachi tusahau.

Nasema kweli, mwanzoni sikumpenda sana Sekela. Alikuwa kimya mno, na mtu kimya hunitia wasiwasi, maana sijui anawaza nini. Nikawa namtazama. Miaka mitano nimemtazama, na nilichokiona ni kwamba hakuna kitu anachokianza asikimalize. Akifua, anafua mpaka vitambaa vya viti. Akigombana na Praygod, wanagombana mpaka mwisho, kisha anapakua chakula.

Alikuwa anafagia kwenye ghala la vifaa vya hospitali, Chang'ombe. Mwezi wa tano wakatangaziwa kwamba kazi ya usafi itachukuliwa na kampuni nyingine yenye watu wake. Wafagiaji walikuwa kumi na mmoja. Nafasi za kupokea mizigo ghalani zilikuwa nne, kwa watakaofanya vizuri mtihani wa maandishi. Saba watakaobaki ndiyo basi tena. Bwana Revelian, afisa utumishi wao, akampa kila mmoja karatasi za mazoezi, fotokopi zilizofifia, majibu yakiwa ukurasa wa mwisho.

Hesabu hazikumsumbua. Maana za maneno alizimudu. Kilichomtesa ni kupanga sentensi. Unapewa sentensi nne zilizovurugwa, moja chini ya nyingine, unatakiwa kuzipa herufi A, B, C na D ili habari ifuatane. Kati ya maswali sita alikuwa anapata moja, na siku ya bahati mawili.

Akaazima mkasi wangu, akaandika kila sentensi kwenye kipande chake cha karatasi, akawa anavipanga juu ya mkeka kila akirudi kazini. Nami nikipita na ndoo au na ufagio, nasoma. Siku moja nikakuta amepanga hivi: mgeni amepiga hodi, amekaribishwa ndani, amepewa maji, amewasalimu wenyeji.

"Mgeni gani huyo anakunywa maji hajasalimia?" nikamwuliza.

"Wa Dar, mama."

Lakini alivibadilisha.

Nikawa siku zote navikagua vile vipande, na vilikuwa sawa. Sina elimu, ila najua habari inayofuatana na isiyofuatana. Halafu anajaza majibu yake, anafungua ukurasa wa mwisho, kosa, kosa, kosa. Nikasema labda majibu yao ndiyo mabovu.

"Mama, kampuni ikosee, nyie mpatie?" Praygod akacheka. "Hebu kuweni serious."

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, tulipotoka kanisani, Sekela akazifunga zile karatasi kwa mpira akaziweka juu ya kabati.

"Kichwa changu kiliishia la tano, mama," akasema. "Bora nianze kutafuta pengine."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kushindwa kwake nilikuwa nimeshakufikiria mara nyingi, hiyo ndiyo tabia yangu. Kuacha kitu katikati sikuwahi kumwona nako.

Nikazishusha. Nikavaa miwani, nikakaa mkekani, nikachagua swali moja nilifanye mwenyewe kama tulivyofanyaga shuleni. Sentensi zake zilikuwa hivi. Ya kwanza: Akamkuta fundi anafunga duka. Ya pili: Fundi akacheka, akafungua tena kufuli. Ya tatu: Anastasia alichelewa kwenda kuchukua gauni lake. Ya nne: Akamsihi kwa kuwa harusi ilikuwa kesho yake.

Bila shaka unaanza na Anastasia aliyechelewa, kisha kumkuta fundi, kisha kumsihi, kisha kufuli. Nikaandika herufi zangu pembeni ya sentensi, kutoka juu kwenda chini: B, D, A, C. Nikafungua ukurasa wa mwisho. B, D, A, C.

"Sekela, njoo. Hili wewe ulipangaje?"

Akapanga vipande vyake. Vilikuwa vilevile kama vyangu, Anastasia wa kwanza, kufuli mwisho. Lakini kwenye karatasi yake alikuwa ameandika C, A, D, B.

"Hii C imetoka wapi?"

"Si habari inaanza na sentensi ya tatu? Ya tatu ni C."

Nikaweka kidole kwenye sentensi ya Anastasia.

"Hapana, mwanangu. Sentensi hazikuja na herufi. Wewe ndiye unayezigawia. Huyu Anastasia ameandikwa wa tatu, lakini ndiye anayeanza. Kwa hiyo umpe A, palepale alipo."

Akaiangalia karatasi. Akaangalia mkeka. Akachukua kalamu akarudia maswali yote sita bila kuvigusa vipande, akafungua majibu. Sita.

"Kwa hiyo nilikuwa najua," akasema.

"Ulikuwa unajua siku zote."

Praygod alipotoka chumbani akaomba aelezwe. Tukamweleza mara mbili, na bado akajibu C.

Jumamosi Sekela alirudi mchana kutoka kwenye mtihani, akavua viatu, akaniambia sentensi zilikuwa tano na zote amezipa herufi zake. Kisha akasema walipokuwa kwenye benchi wakisubiri kuitwa, mwenzake Anna alikuwa anakaribia kulia kwa ajili ya hizohizo sentensi.

"Nikamchorea kiganjani jinsi ya kugawa herufi, mama. Alikuwa anakosea kama mie."

"Sekela. Nafasi ni nne."

"Najua."

"Na wengine?"

"Walisogea kusikiliza. Ningewafukuza?"

Walikuwa watano waliosogea. Sikumgombeza. Nilikuwa nawahesabu wale watano nikikosha vyombo, nikianika nguo, hata kanisani wakati wa sala. Nilijiuliza kama ningefanya kama yeye, na sikulipenda jibu.

Jumanne akapiga simu saa nne asubuhi. Majina yamebandikwa kwenye kibanda cha mlinzi.

"Wa kwanza mwanaume, Stephano. Wa pili Anna."

"Anna amekuzidi?"

"Amenizidi, mama. Mie ni wa nne."

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilisikia nyuma yake wanawake wakiongea kwa pamoja, na mmoja akiuliza anaongea na nani.

"Naongea na mwalimu wangu," Sekela akamjibu, kisha akaniambia nimsubiri, Anna anataka kunisalimia.

"Shikamoo, mama," sauti nyingine ikasema.

"Marahaba, Anna. Hongera, mwanangu," nikamwambia, na nilipomaliza kulisema neno hilo nikagundua kwamba nilikuwa nimelimaanisha.