Mtungi wa Baba Mdogo

Miaka michache baada ya uhuru nilirudi nyumbani Adungosi kutoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa maneno kama gunia la mtama. Padri mmoja pale chuoni alijua Kigiriki. Alitueleza kwamba neno la Kiingereza irenic, yaani lenye nia ya kupatanisha, limetokana na Eirene, amani ya Wagiriki. Kwao Amani alikuwa mungu wa kike, nao walimchonga akiwa mama aliyempakata mtoto, na mtoto huyo ni Utajiri. Neno hilo lilinilevya.

Nyumbani nikamkuta mama na baba mdogo hawasalimiani. Baba alikuwa amefariki, na mdogo wake alidai kwamba mkonge uliotenga mashamba yetu ulipandwa vibaya. Wapimaji wa ardhi nao walikuwa wanakaribia kutoka upande wa Malaba. Baba mdogo akaniita.

"Mwalimu, wewe umesoma. Ongea na mama yako tukunywe mtungi moja, hii maneno iishe."

Kwetu, waliokunywa pombe ya wimbi kwenye mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, hawashtakiani tena mbele ya wageni. Mama alilijua hilo kuliko mimi.

"Huyu haleti pombe bure," alisema.

Nikamhubiria siku tatu, Wagiriki wangu mbele, mpaka akachoka.

"Haya. Kwa sababu ni wewe umesema."

Akanywa. Baba mdogo alimpa kiti kizuri na kunisifu mbele ya ukoo mzima. Mjinga mimi, nilitabasamu.

Wapimaji walipofika, mkonge wote ulikuwa umeng'olewa. Baba mdogo akawaonyesha mpaka unaopita nyuma tu ya jiko letu. Nilipofungua mdomo, karani wao alisema anamsikiliza mwenye shamba.

"Mama, uko na maneno?"

Nilimsihi aseme. Mama aliutazama mrija aliounywea siku ile, uliochomekwa kwenye paa la nyumba ya baba mdogo.

"Sina," akasema, na karani akaandika.

Baba mdogo nilimchukia, na amekufa bado ninamchukia. Lakini siku ile mama hakumlaumu yeye. Alikaa akapepeta wimbi, kisha akaniuliza polepole:

"Yule mama wa Wagiriki, huyo mtoto alibeba alikuwa wake, ama alinyang'anya mtu?"