Sindano Ndani ya Kumbi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Chole, walikuwapo daktari Mjerumani, msaidizi wake Mzee Faraji, mpishi wa daktari, na mimi. Nilikuwa nimeacha chuo kabla ya kuhitimu, maana wazazi wetu walikwisha kufariki, na mimi ndiye kifungua mimba. Wadogo zangu watatu walikula nilichokipata.

Mzee Faraji alinifunza kuchanja ndui: unakwaruza ngozi ya mkono kwa sindano fupi ya chuma, kisha unapaka dawa. Sindano ikiwa butu ilizikwa katika shimo refu nyuma ya zahanati. "Mwanangu," aliniambia, "ukijichoma utajitibu. Ukiitupa, itamchoma asiyejua."

Safarini nilizidunga sindano butu ndani ya kumbi la nazi ili zisinichome. Siku moja huko Ndagoni tulichanja hadi alasiri, maji yakawa yanakupwa na mashua inatungoja. Nikaondoka mbio, kumbi nikaliacha chini ya mnazi. Nililikumbuka tuko majini, nikanyamaza.

Wanawake wa Ndagoni hukusanya makumbi, wakayafukia pwani miezi mingi mpaka yalainike, kisha huyaponda kwa magongo wapate nyuzi za kusokotea kamba. Watoto huwasaidia. Mwaka haujaisha, akaletwa binti wa miaka sita, Mwanahawa, jicho moja limefungwa kitambaa. Alikuwa akiponda makumbi, kitu kikamrukia.

Mimi nilimshika kichwa. Daktari akachomoa kipande cha chuma chenye kutu, akauliza ni kitu gani. Mzee Faraji akanitazama.

"Ndoana, bwana," nikasema.

Mama wa mtoto akamgeukia mumewe, mvuvi, aliyesimama mlangoni. "Nimekwambia mara ngapi, baba Mwanahawa, usimwage ndoana zako pwani?"

Jicho halikupona.

Tulipobaki wawili, Mzee Faraji aliniambia, "Kawaambie." Nikamjibu, "Nikifukuzwa, wadogo zangu watakula nini?" Akasema, "Basi ngoja wakue."

Walikua, wakaoa, na mimi nikazidi kungoja. Nilisikia yule mvuvi aliacha kabisa kuvua kwa mshipi na ndoana, akawa anavua kwa madema tu, mitego ya kusukwa, hadi alipofariki.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnaoshika sindano leo, zikeni zenu kwa mikono yenu. Mwanahawa akinikuta njiani hunipa shikamoo, na hunishukuru kwa kumshika kichwa siku ile. Nami huitika marahaba. Marehemu siwezi tena kumwomba radhi, lakini mkewe yu hai, na mpaka leo anaamini ilikuwa ndoana.