Shikamoo Tatu na Besi Moja

Shule niliiacha kidato cha pili, na nyimbo zangu nazo huwa naziacha hapohapo. Fungua laptop yangu utakuta biti kibao, zote zimeanza vizuri, hakuna iliyohitimu.

Mimi ni DJ na prodyuza wa dram en besi, hapa Kilosa. Cheka tu, wenzako walishacheka. Ni muziki ambao ngoma zake zinakimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, halafu chini yake besi inatembea taratibu kama haimjui. Mtaani kwetu Mabwerebwere wanauita mwendokasi. Niliwahi kuupiga kwenye harusi moja kule Kisanga, mama mmoja akanifuata na sahani yake ya pilau mkononi.

"Mwanangu, mashine yako ina homa. Izime ipumzike."

"Mama, mbona singeli inakimbia kuliko hii?"

"Singeli ina mtu ndani. Hii yako inakimbia peke yake."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ila lile neno nililibeba mpaka nyumbani.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma na nyundo ya mpini mrefu, anagonga reli na kusikiliza. Nzima inalia, yenye ufa inakohoa. Nilikwenda darajani na simu nikarekodi treni ya mizigo inavyopita kwenye viungo vya reli, nikaifanya ndiyo ngoma ya wimbo wangu. Kila nikiufungua, baba anasema, "Punguza mwendo, utaanguka." Nikamrekodi kimyakimya, maana nilishampata mtu wa kumweka ndani. Nilitaka kitu kimoja tu: baba ausikie wimbo wangu mmoja uliokamilika.

"Umemaliza?" aliniuliza kila siku.

"Bado kidogo, baba."

Hiyo bado kidogo ilikula miaka miwili.

Asubuhi moja nikamkuta barazani ananoa jembe, kanipa mgongo. Shikamoo baba. Kimya. Shikamoo. Kimya. Ya tatu nikaitoa kwa sauti ya kupigia debe, naye ananoa tu. Kwetu, mzazi akiiacha shikamoo yako hewani, bora angekuchapa bakora. Jana yake spika yangu ilikuwa imetetemesha mabati mpaka majirani wakaja kulalamika. Nikajua hapa nimeshakataliwa. Nikabeba laptop na spika, nikapanda basi la Mikumi.

Huko nikapata kazi ya kupiga muziki kwenye baa ya barabarani, wateja madereva wa malori. Mwendokasi walinikataza siku ya kwanza. Nikipiga simu nyumbani mama anasema, "Baba yako anakuulizia."

"Mpe simu basi."

"Aa, simu hataki."

Unaona? Hataki hata sauti yangu. Nikanuna miezi saba, na kwa hasira hizo nikaumaliza ule wimbo. Mimi furaha haijawahi kunimalizishia kitu.

Nikarudi nao. Mama akanidaka mlangoni.

"Ukimwamkia, simama mbele yake, akuone mdomo. Hasikii."

"Tangu lini?"

"Tangu hujaondoka. Alikuwa anaficha. Mtu kala mshahara wa masikio maisha yake yote, leo aseme hasikii? Na mimi akaniapisha nisikwambie."

Kwa zile shikamoo zangu tatu nililiamkia jembe.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. "Shikamoo baba." Akautazama mdomo wangu. "Marahaba!" akapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Umenenepa! Umemaliza?"

Nikatikisa kichwa ndiyo. Nikaiweka spika kwenye kigoda, nikamshika mkono, nikakilaza kiganja chake juu yake, nikawasha.

Vidole vyake vikaanza kuhesabu.

"Mizigo!" akasema. "Imebeba. Iko darajani hii!"

Sijawahi kushangiliwa hivyo popote. Nikajisahau, nikaanza kutingisha kichwa kama DJ mwenye watu.

Sasa, katikati ya wimbo wa namna hii kuna mahali ngoma na besi vinakaa kando, kimya kidogo, ndipo vinarudi kwa kishindo. Mimi fundi, ile sauti ya baba nilikuwa nimeiweka palepale, isibughudhiwe na kitu. Besi ikakata. "Punguza mwendo, utaanguka," spika ikasema. Mama akatoka jikoni na mikono yake ya unga, akasimama mlangoni.

Baba akainua kiganja.

"Imeisha?"

"Utaanguka," spika ikasema tena.

Ningeweza kuurudisha mkono wake kwenye spika. Lakini sauti yake mwenyewe angeipataje kwa kiganja? Nikamtikisia kichwa. Imeisha.

"Afadhali," akasema, "leo umemaliza kitu." Akanipiga bega, akainuka, akaenda kuchukua ndoo atie udhu wa alasiri.

Besi iliporudi, kigoda kilikuwa kinatetemeka peke yake.