Kamba ya Wapagazi

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye lango la mlima katika bonde la Ibanda, magharibi mwa Uganda, mwongozaji Mbambu Evaline amepiga magoti mbele ya mwanamume wa miaka hamsini na miwili, anakagua viatu vyake kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji.

"Hivi umevitoa wapi?" anauliza.

"Nilipewa na mgeni," anajibu Bwambale Sedrak. "Ngozi tupu hiyo, dada. Angalia na kamba zake, nyekundu."

"Gambuti zako ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi nenda nyumbani."

Wenzake watatu wanaangua kicheko. Bwambale analalamika kwamba amepanda mlima huu na gambuti kwa miaka ishirini na minne, na leo, siku anayopanda kama mtu, alitaka avae kama mtu. Mbambu hatikisiki. Bwambale anaondoka akinung'unika, na baada ya nusu saa anarudi na gambuti nyeusi za mpira zenye kiraka mguu wa kushoto. Mbambu anaingiza mkono mpaka kwenye soli, anapapasa kama kuna tundu, kisha anampigapiga goti. Amepita.

"Siku nne za kwanza ni tope," anaeleza huku akijifuta mikono kwenye suruali. "Kiatu cha ngozi kikilowa siku ya kwanza hakikauki mpaka urudi kwa mkeo. Gambuti unamwaga maji, unakamua soksi, unaendelea. Viatu vigumu tunavaa kule barafu inapoanza. Wageni nikiwaambia hivi wananiona mshamba. Siku ya pili wananiuliza kama nina gambuti za akiba."

Lakini leo hakuna mgeni hata mmoja, na hilo ndilo lililowatoa watu majumbani kuja kusimama langoni asubuhi hii yenye manyunyu. Wanaume hawa wanne ni wapagazi. Kila mmoja amebeba mizigo ya watu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kilo ishirini na tano kwa safari, uzito wote ukivutwa na ukanda wa kipaji cha uso. Wamefika kibanda cha mwisho mara nyingi hadi wameacha kuhesabu. Juu ya kibanda hicho hawajawahi kukanyaga.

Ndivyo kazi ilivyo. Mpagazi huishia pale mwamba unapokutana na barafu. Wageni na waongozaji wao hufunga meno ya chuma chini ya viatu, hujifunga kamba moja, hupanda kuelekea kilele cha Margherita, ncha ya juu kabisa ya mlima huu. Mpagazi hubaki kuchemsha chai, na kazi yake iliyobaki ni kutazama juu na kuhesabu vichwa vinaporudi.

Mbambu, mwenye miaka arobaini na mmoja, anataka kuivunja desturi hiyo. Kwa miaka mitatu amekisumbua kikao cha waongozaji wa bonde hili mpaka kikachoka naye. Kimemruhusu awaongoze wapagazi wanne, mara moja tu, kwa majaribio. Akiwarudisha wote wazima, kamba ya wapagazi itaendelea. Mmoja akivunjika hata kidole, habari imeishia hapo, na pengine kazi yake vilevile.

"Silali vizuri wiki ya pili sasa," anakiri. "Mgeni akikwama mlimani, bonde zima litaulaumu mlima. Hawa wakikwama, watanilaumu mimi."

Alianza kwa kubeba mizigo. Mume alimwacha na watoto wawili akiwa na miaka ishirini na mbili, na baba yake akamwachia ukanda wake wa kipaji. Siku ile alipojitokeza langoni, wanaume walimuuliza kama amepotea njia ya kisimani. Mbambu alibeba miaka tisa. Kisha mwongozaji mmoja akashikwa na kichwa cha mlima, ugonjwa wa hewa nyepesi, pale kibanda cha mwisho, anatapika, hawezi kusimama, na kamba ya wageni ikawa na pengo. Wakatazamana. Aliyekuwa na miguu mizima na aliyejua kufunga fundo alikuwa Mbambu.

Hivyo ndivyo alivyoona kilele kwa mara ya kwanza, na hapo kuna kisa anachokisimulia kwa sauti ya chini.

Baba yake, mzee Masereka Yonasani, ambaye sasa ana miaka sabini na minne, alibeba mizigo miaka ishirini na saba. Jioni, wakila bundu na sombe, ugali wa muhogo na majani yake, watoto walimuuliza kukoje juu. Naye alisimulia. Kuna uwanja mpana wa theluji, alisema, na ukisimama katikati unaiona Kongo yote upande huu na Uganda yote upande ule.

"Nilifika juu nikakuta ukungu mtupu," anasema Mbambu. "Mwamba mwembamba, watu wanne mnabanana. Nikautafuta ule uwanja wa baba. Nikatafuta kweli, nikadhani labda uko nyuma ya jiwe. Ndipo nikaelewa kwamba baba hajawahi kufika."

Alilia pale pale, anasema bila haya, na wageni wakadhani ni furaha. Aliporudi nyumbani baba yake akamuuliza ameonaje. Mbambu akajibu: "Ni vilevile ulivyosema, baba." Mzee akaendelea kunywa uji wake na hakuuliza tena.

Baada ya mafunzo na mitihani miwili alipewa kamba yake mwenyewe. Akaja kupewa na jina la utani: Nusu.

Hilo lilitokea miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na mgeni mmoja, mfanyabiashara mwenye haraka, aliyepanda akipiga mluzi. Mbambu alimwomba anyamaze. Sisi Wakonzo, alimweleza, hatupigi kelele huko juu. Kule ni kwa Kitasamba, mungu wa mlima, mwenye theluji yake, na hapendi kusumbuliwa. Mgeni akacheka, lakini akanyamaza. Katika ukimya ule Mbambu akasikia kitu chini ya miguu yao.

"Sijui kama Kitasamba anatusikia," anasema. "Ninachojua ni kwamba ukinyamaza, wewe ndiye unayesikia. Barafu nzima inalia kavu, kah! Barafu yenye ufa chini inalia nzito, kama mtu anagonga mtungi mtupu. Ile ililia mtungi."

Akageuza kamba. Kilele kilikuwa kimebaki mwendo wa dakika arobaini, jua linawaka, hakuna upepo. Mgeni akamtukana njia nzima, akashuka na kupeleka malalamiko. Kwenye vilabu vya Ibanda wakamcheka: mwanamke amepewa kilele kizima, amerudi na nusu.

Aliyekuwa mkali zaidi ni Thembo Erikana, mwenyekiti wa kikao, mwongozaji kwa miaka thelathini sasa, ambaye mwenyewe anajisifu kwamba hajawahi kurudisha mgeni chini bila kilele. Kikao kikaamua kumnyang'anya Mbambu kamba kwa msimu mzima.

"Nilisema barafu inalia siku zote," anakumbuka Thembo, ambaye asubuhi hii amesimama kando akijifanya kukaza mikanda ya begi lake. "Nikamwambia, ukiogopa milio, kaa nyumbani na kuku."

"Eleza na yaliyofuata, mzee," anadakia Mbambu.

"Si nakuja huko? Una haraka gani?"

Yaliyofuata ni kwamba Mbambu hakulia wala hakuomba. Alimwambia Thembo mbele ya kikao chote: twende wote ukasikilize. Wakapanda wawili. Walipofika mahali pale, Thembo alishika fimbo yake ndefu akaisukuma kwenye theluji, akitarajia igote. Fimbo ikazama. Ikazama mpaka ngumi yake ikagusa theluji, na bado haikukuta kitu. Hatua tatu mbele yake palikuwa na alama za viatu vya msafara wake mwenyewe wa juma lililotangulia.

"Niliichomoa fimbo polepole," anasema Thembo. "Nilipitisha watu watano pale. Nikamwambia, binti yangu, geuza kamba, nitakufuata."

Alirudi kikaoni akasema yote, bila kupunguza. Kamba ikarudi kwa Mbambu siku hiyo hiyo. Jina la Nusu halikufutika, ila siku hizi wageni ndio wanaolitaja: wanaandika kabla ya safari, wanamtaka yule mama anayejua kurudi.

Wawili hawa bado hawapatani kwa mengi. Thembo anaona fimbo mbili za kutembelea ni za wagonjwa. Mbambu anasema goti la mzee huyo linalolia akishuka ndilo jibu. Thembo hula vizuri jioni na kupanda na tumbo jepesi. Mbambu humlazimisha kila mtu kutafuna kitu kila saa, "kwa sababu huko juu njaa haipigi hodi, unashtukia tu miguu si yako." Kwenye kinamasi wanaafikiana: usikanyage kijani kinachong'aa, hata kiwe kizuri vipi. Kanyaga fundo la nyasi, katikati, na usisimame juu yake kujisifu.

Bwambale na wenzake hawahitaji somo la tope. Wanachojifunza tangu Novemba, kila Jumapili baada ya kanisa, kwenye jabali lililo nyuma ya shule, ni kamba: kuiacha isilegee wala isikaze, na kusema "simama" bila aibu. Mbambu anasema hilo la mwisho ndilo gumu.

"Mpagazi amezoea kutosema amechoka. Akisema, kesho halipwi. Nimewaambia, kwangu asiyesema ndiye nitakayemwacha."

Kwenye orodha yake kuna wapagazi sitini na wawili. Wakirudi salama, anataka kupandisha wanne kila Februari na wanne kila Julai. "Ni kama miaka minane," anasema, akitazama juu ambako mawingu yamefunika kila kitu. "Barafu ya utoto wangu ilikuwa inashuka mpaka karibu na kibanda. Sasa unatembea kwenye mawe matupu kwanza. Sijui kama itatusubiri. Ndiyo maana nataka tuanze leo."

Sasa ni saa tatu kasoro. Bwambale anajishikashika kipaji cha uso, anautafuta ukanda ambao haupo; begi jepesi linampeleka mrama. Ndipo mmoja anauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: wakipanda wote, kibandani atabaki nani kuchemsha chai?

Thembo anageuka na kuwapa mgongo. Nyuma ya begi lake, limefungwa kwa kamba ya katani, linaning'inia birika jeusi la wapagazi.

Kisha Bwambale anapaza sauti: "Mwenyekiti! Yangu isiwe na moshi!"

"Utakunywa utakayopewa," anafoka Thembo, lakini uso wake umejaa fahari, na hajaribu kuuficha.

Mzee Masereka ameketi kwenye ukuta mfupi wa lango, koti limefungwa vifungo vyote, magoti yake hayamfikishi tena hata darajani. Amelitazama lile birika kwa muda mrefu. Anamwita binti yake kwa kidole, na Mbambu anainama.

"Miaka ishirini na saba nimelibeba lile," anasema mzee. "Mfikishe Bwambale. Na safari hii, mama, ukirudi usiniambie ni vilevile."